Jinsi ya kwenda semina ya wosia na mirathi kabla hujastaafu (usiende peke yako na usiende mikono mitupu)

Wenzangu mnaokaribia 55 au 60, hasa nyie walimu, manesi na watu wa halmashauri, nadhani mmeshaanza kuitwa kwenye semina za wastaafu watarajiwa. Mi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, nimeshastaafu, na semina za namna hii nimeenda tatu. Ya kwanza nilienda peke yangu na kalamu na daftari, nikaandika kurasa kumi na mbili, nikarudi nyumbani nikaliweka daftari juu ya kabati na mwaka mzima sikufanya chochote. Ya pili nilienda na mume wangu na bahasha yenye makaratasi yetu yote, na hiyo ndo ilitutoa gizani. Kwa iyo naandika hapa jinsi ya kwenda kama nilivyoenda ile ya pili, bila kupoteza mwaka kama nilivyopoteza mimi.

Kwanza unazipata wapi. Kama ni mtumishi wa umma nenda kwa afisa utumishi wako muulize, usisubiri barua, maana barua mara nyingi inakuja imebaki miezi sita ustaafu na hapo umechelewa, mi ningeomba mtu aanze kwenda akiwa na miaka 52 au 53 hivi. PSSSF, yani mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, wanafanya semina za wastaafu watarajiwa mikoani, na mle ndani utakuta mabenki, UTT AMIS (wale wa mifuko ya uwekezaji wa pamoja) na watu wa wosia. Ukiwa sekta binafsi, mfuko wako ni NSSF, waulize ofisi ya mkoa. Alafu kuna sehemu ambazo sio semina rasmi lakini unapata elimu ileile bure tena unakaa na mtu uso kwa uso: Wiki ya Sheria, ile ya mwishoni mwa Januari kila mwaka kabla ya Siku ya Sheria, mabanda ya RITA (wakala wa serikali wa usajili na udhamini, ndo wanaoandika na kutunza wosia) pale kwenye maonyesho ya Sabasaba, na mashirika ya msaada wa kisheria kama TAWLA, WLAC na LHRC. Parokiani na misikitini nako siku hizi wanaita wanasheria, ulizia.

Sasa kabla ya kwenda. Hapa ndo kwenye kazi yenyewe, naomba mnivumilie niseme kwa urefu.

Toa kila karatasi ulilonalo ndani ya nyumba. Kila moja. Sisi tulikuwa tunaweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, tukamwaga kitandani Jumamosi moja asubuhi na tukakaa nayo mpaka saa kumi jioni. Tukapanga mafungu: ya viwanja na nyumba, ya benki na simu, ya mfuko wa pensheni, ya ndoa na watoto, ya madeni (sisi tunadaiwa nini, na nani anatudai na nani tunamdai). Alafu chukua karatasi nyeupe andika orodha, mali ipo wapi, jina gani limeandikwa, karatasi lake lipo au halipo, na shida yake ni nini. Hiyo safu ya mwisho ya shida ndo utakayoenda nayo semina.

Nieleze moja tuliyoikuta. Kiwanja chetu cha kwanza tulinunua mwaka 1994, na karatasi lake ni ukurasa uliochanwa kwenye kaunta buku, umekunjwa mara nne mpaka kwenye mikunjo maandishi yamefutika, muhuri wa mwenyekiti umekuwa kama doa la chai. Limeandikwa kwa mkono: "nimemuuzia Baba Neema kiwanja changu hatua 20 kwa 30". Baba Neema! Hakuna jina la mume wangu hata sehemu moja, hakuna jina langu, mipaka yenyewe ni "mwembe" na "njia ya kwenda kisimani", mwembe ulishakatwa na kisima kilishafukiwa. Muuzaji alishafariki. Tumeishi na karatasi hilo miaka na miaka tukiamini tuna kiwanja, na kweli tunacho, ila siku sisi wawili tukiondoka mtoto wangu angesimama mbele ya hakimu akaanza kuthibitisha kuwa Baba Neema ni nani.

Angalia pia majina yako kwenye kila cheti. Mimi NIDA imeandika jina la baba kwa namna moja, cheti cha ndoa namna nyingine, na barua ya ajira ina herufi imezidi. Ukiwa hai unaenda kwa wakili unaapa kiapo cha majina, unasaini, siku moja imeisha. Ukishafariki wanao watazungushwa kwa herufi moja. Sisemi kuwatisha, hiyo imetokea kwa kaka yangu, akaunti ikakaa imefungwa miezi mingi kwa sababu ya herufi "h" tu.

Na watoto wapatie vyeti vya kuzaliwa vyote, hata yule mkubwa mwenye miaka 35 ambaye hajawahi kuwa nacho. Cheti cha ndoa kama mlifunga ya kanisani au msikitini hakikisheni mna kile cha serikali. Mfuko wa pensheni una sheria yake ya kuwalipa wategemezi na wanataka vyeti, hawataki maelezo.

Mwenza wako lazima muende wote

Hili naliwekea mkazo kwa moyo wangu wote. Nimeona wanaume wanakuja peke yao, wanaandika wosia, wanaufungia kwenye droo ya ofisi ambayo mke haijui. Na wanawake nao wana viwanja kwa majina ya dada zao ambavyo mume hajui. Sielewi huo usiri tunaupeleka wapi. Mwezeshaji wetu alifanya kitu kimoja kizuri sana, aliwaambia waliokuja na wenza wao kila mmoja aandike kwenye karatasi bila kuangaliana, mwenzako ana akaunti benki gani, anadaiwa na nani, hati ya nyumba iko wapi. Ukumbi ukawa kimya. Mi niliandika mistari miwili. Mume wangu aliandika mmoja, nao ulikuwa na makosa, alidhani SACCOS ya walimu nilishajitoa kumbe nina hisa na akiba yangu imo.

Siku hiyohiyo ndo nikajua mambo ya kihamba, yani shamba la ukoo kwa Wachagga. Mume wangu kwao ni Rombo, ana shamba la migomba alilopewa na baba yake, na mi siku zote kwenye hesabu zangu za uzeeni nilikuwa naliweka kama mali yetu. Kumbe lile ni la ukoo, lina taratibu zake, huwezi tu kuandika kwenye wosia kuwa unampa mtu baki. Na sisi Waluguru ardhi ya ukoo inafuata upande wa mama, kwa iyo lile langu la Matombo nalo lina mambo yake ambayo mume wangu hakuwahi kuyaelewa. Ndoa ya miaka 34, tunaelezana haya kwenye viti vya plastiki ukumbini. Bora tulielezana.

Kitu kingine, huwezi kurithisha kisicho chako. Nyumba mliyojenga wote, wewe unaandika wosia kwa sehemu yako. Na kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 nyumba ya familia haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzako, hilo mlikumbuke hasa mkishapata mafao, maana wapo watakaokuja na mikopo.

Mle ukumbini

Ratiba karibu zote zinaanza na kikokotoo, yani kanuni ya kupiga hesabu ya mafao, na hapo ndo muda wote unaishia, watu wanasimama kulalamika mpaka saa saba, mada ya wosia inakuja jioni mtoa mada anakimbizwa na watu wameshaanza kuangalia magari. Naelewa machungu ya watu. Lakini kikokotoo kinakuwa tayari kimepangwa na unaweza ukakipiga nyumbani kabla. Ni hivi: chukua wastani wa mshahara wako kwa mwaka, zidisha kwa miezi uliyochangia, gawa kwa 580, hiyo ndo pensheni ya mwaka mzima. Sehemu ya pensheni hiyo unalipwa kwa mara moja, ndo inaitwa mkupuo. Kwa sisi ambao zamani mkupuo wetu ulikuwa asilimia 50, wa mifuko ya zamani ya PSPF na LAPF, mkupuo ulipandishwa 2024 kutoka asilimia 33 kwenda 40, na wale wa kundi la asilimia 25 wakapelekwa 35. Mfano mshahara 1,160,000 na umechangia miezi 360: mwaka ni 13,920,000, zidisha 360 gawa 580 unapata 8,640,000. Asilimia 40 ya hiyo mara 12.5 ndo mkupuo, yani 43,200,000, na iliyobaki asilimia 60 ukigawa kwa miezi 12 ni 432,000 kila mwezi. Ukienda umeshapiga hesabu yako utakuwa na swali moja tu la kuuliza, nalo ni kama michango yako yote imeingia. Angalia taarifa ya michango mapema, miezi iliyopotea kwenye mfumo inatafutwa ukiwa bado kazini, sio ukiwa nje.

Mada ya wosia ikifika kaa mbele. Swali la kwanza kuuliza, na watu wengi hawaliulizi, ni hili: mimi nikifa, mirathi yangu itaendeshwa kwa sheria gani? Kwa sababu Tanzania bara tuna njia tatu. Ya kimila, ya Kiislamu, na ile ya kiserikali ambayo mpaka leo inatumia sheria ya urithi ya India ya mwaka 1865, ndo Wakristo wengi wa mjini wanaangukia huko. Mahakama inaangalia mtindo wa maisha ya marehemu na nia yake, aliishije, aliabudu wapi, alizikwaje. Usiwaachie watu wabishane, kama ni Mkristo au Mwislamu na unataka mali yako iende kwa utaratibu huo andika wazi kwenye wosia.

Kwa nini nasisitiza. Kwenye sheria ya mila iliyoandikwa, Tangazo la Serikali namba 436 la 1963, mjane hana fungu lake kwenye mali ya mume kama kuna watu wa ukoo wa mume, anategemea watoto wamtunze, na mabinti wanapata kidogo kuliko wavulana. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake ilisema Tanzania imewakosea wajane wawili waliopoteza makazi kwa sheria hiyo. Kina mama, hii sio habari ya mbali. Wosia ulioandikwa vizuri ndo kinga yako, na kina baba kama mnawapenda wake zenu na mabinti zenu andikeni.

Mashahidi ni sehemu nyingine ya kuuliza vizuri. Wosia wa kimila wa maandishi kama unajua kusoma na kuandika unataka mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, na wao wawe wanajua kusoma na kuandika. Kama hujui kusoma ni wanne, wawili wa ukoo na wawili baki. Wa mdomo nao ni wanne. Ule wa sheria ya serikali ni mashahidi wawili wanaokuona ukisaini. Na shahidi asiwe mtu unayemwachia mali, hilo kosa nimeliona kwa rafiki yangu, alimweka mtoto wake shahidi alafu huyohuyo ndo mrithi wa nyumba, tukamwambia arudie akarudia.

Ndugu zangu Waislamu, wasia wenu hauvuki theluthi moja ya mali na hauendi kwa mtu ambaye tayari ni mrithi, hayo mengine yameshagawiwa na Qur'an yenyewe, mke ana thumni (moja ya nane) kama kuna mtoto na robo kama hakuna. Ila nimesikia watu wanasema basi hakuna haja ya kuandika, hapana, ile orodha ya mali na madeni na amana za watu ni muhimu vilevile, deni linalipwa kabla ya kugawa na hakuna atakayelijua kama hukuliandika. Muulizeni sheikh akiwa palepale na mwanasheria, wote wawili, msiwaulize kwa siku tofauti.

Kumnyima mtoto urithi nako watu huwa wanauliza kwa sauti ya chini. Kwa mila inaruhusiwa kwa sababu nzito tu, mfano alijaribu kukuua au kukudhuru, au alikutelekeza kwenye ugonjwa au njaa bila sababu, na lazima uandike waziwazi kwa nini, na mtoto apewe nafasi ya kujitetea ukiwa hai. Ukimruka tu jina bila maelezo umewapa wanao kesi.

Kuhusu wauzaji. Mle ndani kuna meza za kila aina, mikopo ya wastaafu, viwanja, kuku, vanila, na sijui nini. Chukua vipeperushi, sema asante, usisaini kitu siku hiyo, usitoe namba ya NIDA wala namba yako ya uanachama wa mfuko. Na kuanzia miezi ile ya kustaafu utapigiwa simu na matapeli wanaojifanya maofisa wa mfuko wanaomba hela ya "kuharakisha mafao". Mafao hayana hela ya kuharakisha. Kata simu nenda ofisini kwao mwenyewe.

Alafu ukimaliza mada mfuate mwanasheria mezani na lile karatasi lako lenye safu ya shida. Mi nilimpa lile la Baba Neema. Akalishika kwa ncha za vidole maana lilikuwa linaachia kwenye mikunjo, akalisoma mara mbili, akaniambia, "Mwalimu, muuzaji amefariki ila watoto wake wapo? Na mwenyekiti wa wakati ule yupo?" Nikamwambia watoto wapo, mwenyekiti yupo ila mgonjwa. Akasema basi usilale, nenda wiki hii. Tukaenda kwa watoto wa muuzaji na kilo mbili za sukari, wakatupokea vizuri, wakasaini mbele ya serikali ya mtaa na wakili kwamba baba yao aliuza kwa mume wangu na mimi, majina kamili, tukaitia na picha. Yule mzee mwenyekiti alisaini amekaa kitandani. Alifariki baada ya miezi mitano. Mpimaji akaja baadaye, hati tunaifuatilia kwa majina yote mawili.

Ukirudi nyumbani

Weka tarehe kabla hujatoka ukumbini. Sisi tulijipa wiki tatu. Wosia tuliuandikia RITA, unaweza pia kwa wakili, na kuutunza unaweza RITA, benki, kwa wakili, au kanisani na msikitini, cha msingi uwe sehemu ambayo haiungui na haifikiwi na mtu mwenye tamaa. Ukibadilisha mawazo unaubadilisha, ni haki yako mpaka siku ya mwisho, kwa iyo yale mambo ya kuogopa kuwa ukiandika wosia unajiita kifo naomba tuyaache, mi niliandika na naamka kila siku nalima mchicha wangu.

Chagua msimamizi kwa akili sana, na umwambie. Msimamizi sio mrithi wa vyote, ni mtu wa kukusanya, kulipa madeni na kugawa, alafu anarudisha hesabu mahakamani. Kaka yangu hakuandika chochote. Kikao cha ukoo kikamchagua mtu anayeongea sana badala ya mtu mwaminifu, wifi yangu alikuwa eda ya majonzi hana nguvu ya kubisha. Kwa Mahakama ya Mwanzo msimamizi anapewa Fomu namba 4 na ndani ya miezi minne anatakiwa apeleke orodha ya mali, Fomu namba 5, na baadaye hesabu ya mgawanyo, Fomu namba 6. Yule hakupeleka, na wifi hakujua kuwa ana haki ya kwenda kwa hakimu kuomba aitwe. Ilichukua zaidi ya miaka miwili. Na mjue Mahakama ya Mwanzo ni kwa mirathi ya kimila na ya Kiislamu, zile nyingine zinaanzia ya Wilaya na kwenda juu, ukifungua pasipo pake faili linaweza kufutwa mkaanza upya. Waliopo Dar kuna kile Kituo Jumuishi cha masuala ya familia pale Temeke.

Andika na karatasi la pembeni la mambo ya kila siku, benki zipi, laini zipi zina hela, UTT, SACCOS, nani tunamdai. Namba za siri usiandike humo.

Alafu waite watoto. Sisi tuliwaita wote wanne Pasaka, baada ya chakula, tukawasomea orodha ya mali na madeni, mgawanyo hatukuusoma ila tuliwaambia wosia upo, uko wapi na msimamizi ni nani. Mdogo alilia, akasema tusiongee hivo. Mkubwa aliuliza swali moja tu, kwamba lile deni la SACCOS bado shilingi ngapi, tukamwambia, akaandika kwenye simu yake. Kila Januari tunafungua ile bahasha tunaangalia kama kuna cha kubadilisha, mwaka huu tumeongeza mjukuu na tumefuta deni.